Raspberry Pi Zero 2 W na skrini ya batani: kompyuta ya mfukoni nzuri sana, ila umeme uufikirie kwanza

Niseme mapema, hiki kidude nakipenda, na kama unawaza kujitengenezea kompyuta ya mfukoni basi anza na Raspberry Pi Zero 2 W (bodi ndogo ambayo yenyewe ni kompyuta kamili) pamoja na ile skrini ya kampuni ya Waveshare ya inchi 1.3, na wala sio kwa ajili ya nguvu ya prosesa, ni kwa ajili ya zile batani.

Bodi ilitoka Oktoba 2021 kwa dola 15 (ikishafika huku bei inapanda, hilo lijue), prosesa yake ina koa nne (yaani sehemu nne za kufanya kazi kwa pamoja) za gigahezi 1, RAM MB 512, urefu milimita 65 na upana 30. Skrini inavalishwa juu yake na saizi ni ileile kwahiyo vinakuwa kitu kimoja kinachoingia mfuko wa shati. Kulia kuna batani tatu, kushoto kajoistiki kadogo ka pande nne na katikati unabonyeza.

Watu wengi wanakimbilia skrini ya kugusa, mi kwa saizi hii siioni faida yake kabisa, kidole gumba peke yake kinaziba nusu ya menyu. Batani unaipata kwa kupapasa tu hata ukiwa umesimama kwenye daladala mkono mmoja umeshika bomba. Menyu yangu ina mistari michache tu: Saa na swala, Madeni ya duka, Waifai, Zima. Juu chini kwa joistiki, batani ya kwanza kukubali, ya tatu kurudi, basi. Mama yangu aliishika akaitumia bila kuelekezwa na hapo ndo niliridhika kwamba menyu imekaa sawa.

Kuchora menyu natumia lugha ya programu ya Python na Pillow, maktaba yake ya picha, unachora picha nzima halafu unaituma kwenye skrini kupitia SPI, njia ya data kati ya bodi na skrini (iwashe kwanza kwenye raspi-config, programu ya mipangilio ya bodi, maana inakuja imezimwa). Hapa kuna kitu wengi hawakiangalii: skrini ni pikseli 240 kwa 240, kila pikseli baiti 2, yaani kila picha ni baiti 115,200. Ukiiacha SPI kwenye megahezi 10 kila picha inachukua karibu sehemu ya kumi ya sekunde na unaiona kabisa menyu inavyojivuta, ipandishe mpaka 40 inakuwa laini. Batani nazo zina tabia ya kuruka, unabonyeza mara moja inahesabu mbili, kwenye gpiozero, maktaba ya Python ya kusoma batani, weka bounce_time (muda wa kupuuza mruko) ya sekunde 0.05 na tatizo linaisha.

Sasa umeme, hapa ndo pa kuumiza kichwa. Bodi haina betri, haina saketi ya kuchaji na haina swichi ya kuzimia. Ukichomoa waya ghafla wakati inaandika, memori kadi inaweza kuharibika na mfumo mzima ukagoma kuwaka, kwahiyo ule mstari wa Zima kwenye menyu usiuchukulie kama pambo. Ukishaizima hivyo bila kukata umeme, unaiwasha tena kwa kuigusisha GPIO3 (moja ya pini za bodi) na graundi (pini ya hasi), kwahiyo lehemu kabatani kadogo kwa chini ya bodi maana juu pameshafunikwa na skrini. Betri mi naona bora pawabenki nyembamba ya kueleweka kuliko zile betri za litiamu zisizo na jina zinazouzwa mitaani, unaandikiwa uwezo mkubwa mno na chaji haifiki popote, na kitu kinachokaa mfukoni karibu na mwili sio cha kubahatisha.

Lingine ni saa. Haina saa yake ya ndani, bila intaneti ikiwaka inakuja na muda wa uongo, na mimi nyakati za swala nazipiga hesabu humohumo ndani kwahiyo saa ikikosea swala nazo zimekosea. Dawa ni moduli ya DS3231, kisaa kidogo chenye betri yake, ila inakaa kwenye GPIO2 na GPIO3, na GPIO3 ndo pini ileile ya kuwashia, ukiibonyeza batani wakati kidude kinafanya kazi vinaweza kuingiliana, kwahiyo ni rahisi zaidi kuchagua kimoja. Mimi nilichagua saa, halafu nikaipanga isome Kiswahili, yaani saa moja asubuhi inaandika saa 1 sio 7, na kwa kweli hicho ndo kitu nakifurahia kuliko vyote humo ndani.

Kuandika maneno marefu kwa joistiki usijaribu, ni mateso, madeni nayaingiza kwa simu kupitia waifai na kwenye kidude nasoma tu.

Na kama kazi yako ni menyu na kusoma tu, Zero W ya zamani yenye koa moja inatosha na inakula umeme kidogo zaidi. Ukinunua angalia kama pini 40 zimeshalehemiwa, nyingi zinakuja na matundu matupu, kama huna solda mpelekee fundi simu na mwambie kabisa asizidishe moto.