Wapi ulale ukitaka kutoka Lamu mjini kidogo: Shela, Manda ama Kipungani

Kila ikikaribia Disemba simu zinaanza, binamu wa Mombasa, shemeji wa Nairobi, wote shida yao moja: siku mbili mjini zishatosha, wamechoka kupishana na punda vichochoroni, sasa wanataka mahali pa kifahari lakini pasiwe mbali. Basi naandika mara moja, atakayeniuliza namtumia hii.

Namba moja kwangu si hoteli, ni kukodi nyumba nzima Shela. Ni kama kilomita 3 tu kutoka mjini, boti dakika chache, au kwa miguu kama dakika 40 ukifuata ufuo maji yakiwa yamekupwa. Nyumba zile za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, ukuta mnene, na juu kabisa pako wazi chini ya makuti, hapo ndipo pesa yako inapokwenda, manake Lamu unanunua upepo bwana, godoro hata kwako lipo. Mkiwa wanane mkichanga yaweza kuwashukia bei kuliko rumu za hoteli kubwa, na mara nyingi mpishi yumo kwenye kodi, nyinyi mnatoa pesa ya sokoni tu, jioni mnaletewa samaki wa kupaka na wali wa nazi.

Ila uliza! Mwaka juzi nililipia nyumba moja kwa kuona picha, picha zote za juu, kufika tukapewa vyumba vya chini vinatazama ukuta wa jirani na ngazi ya juu imetiwa kufuli, eti huko ni kwa mwenyewe. Joto lile sijalisahau. Siku hizi naomba video, mtu apande ngazi na simu yake mpaka juu nione.

Namba mbili hoteli ya Peponi, hapo hapo Shela mbele ya maji, ipo tangu 1967. Hii ni ya asiyetaka kujipangia chochote, unakula, unaoga baharini, unalala. Lakini ina baa, kwa hiyo kama unakuja na mama mkwe jipange.

Tatu kisiwa cha Manda, upande wa Ras Kitau, ndiko iliko hoteli ya The Majlis, unaiangalia Shela ng'ambo ya pili. Kuzuri sana na kiwanja cha ndege kiko kisiwa hicho hicho, shida ni kwamba kila ukitaka kitu mjini ni boti, kwa hivo kabla ya kulipa uliza boti imo kwenye bei au la, na saa nne usiku ni bei gani. Ukitaka kwenda kuona magofu ya Takwa pia panga na nahodha, ule mkono wa bahari wa kwenye mikoko unapitika maji yakijaa tu.

Mwisho Kipungani, kule mwisho wa kisiwa cha Lamu. Kimya kweli, maharusi watapenda, mwenye watoto wadogo mimi nasema hapana, dawa ikikuishia usiku utajuta.

Mwezi wa tano usije bila kupiga simu, mvua na upepo wa kusi, wengi wanafunga biashara. Na mpishi mwambie mapema kama huli pilipili, hapa hatuulizi.