Kutolewa vinundu vya mafuta mkononi: huduma niliyoipata Morogoro

Nawaandikia wenzangu wenye vinundu vya mafuta chini ya ngozi, vile ambavyo hospitalini wanaviita lipoma, maana najua mnavyozungushwa. Mimi ni fundi cherehani. Ninavyo mikono yote miwili, mapajani na vichache kiunoni. Marehemu baba alikuwa navyo, na kaka yangu anavyo. Vingi havina shida, ukikigusa kinateleza chini ya kidole na hakiumi. Ila viwili vya mkono wa kulia vilikaa palepale ninapoegemeza mkono kwenye meza ya cherehani, na ikifika jioni vinawaka moto.

Hospitali ya kwanza walitaka nipigwe nusu kaputi vyote vitolewe siku moja, bila hata kuniuliza kipi kinaniuma. Nikaondoka zangu.

Kliniki niliyotibiwa ni ndogo, ya binafsi. Daktari alishika kinundu kimoja baada ya kingine, akavitia alama ya kalamu vile vinavyouma tu. Cha paja la kushoto kilipita sentimita 5, akasema hicho hakigusi mpaka kipigwe ultrasaundi, kwa sababu uvimbe mkubwa, mgumu, unaokua haraka au uliozama ndani ya msuli unaweza kuwa saratani inayofanana na lipoma. Picha haikuonyesha cha kutisha, kiko juu ya msuli.

Nikamwomba basi atoe vyote, tumalizane. Akakataa. "Mama, hivi ni vya ukoo, vingine vitaota tu. Na kila ninapokata nakuachia kovu." Akaongeza kwamba dawa ya ganzi ina kipimo chake kulingana na uzito wa mtu, ikizidi inadhuru ubongo na moyo, kwa hiyo hata angetaka asingeweza kuchoma sehemu zote hizo kwa mara moja. Kwa maelezo hayo tu nampa maksi zote. Angeweza kukubali akala hela yangu.

Sindano ya ganzi inaunguza kidogo, baada ya hapo unasikia kuvutwavutwa tu, huumii. Alipasua mstari mfupi kuliko kinundu chenyewe, akakilegeza pembeni kwa mkasi, halafu akabana kwa vidole gumba. Kikachomoka kizima kama kiini cha yai la kuchemsha, cha njano chenye vimishipa vyekundu. Akanionyesha lile ganda jembamba lililokizunguka, akasema likibaki ndani kinaweza kurudi. Nesi muda wote alikuwa ananisemesha, Mungu ambariki.

Mshono nimeukagua kwa jicho la fundi. Uzi umepitishwa ndani ya ngozi, ncha zimefichwa, kingo zimekutana sawasawa. Kazi safi kabisa.

Sasa yaliyoniudhi. Nyama iliyotolewa inapelekwa maabara kupimwa, na ni sahihi ipimwe, lakini bei ya kipimo hicho haikuwemo kwenye gharama niliyotajiwa. Nimekuja kuambiwa dirishani wakati wa kulipa, mkono umefungwa bendeji, nikaanza kupigia ndugu simu. Hilo si jambo la kumfanyia mgonjwa. Pia maelekezo ya kutunza kidonda yalitolewa mbiombio, hakuna karatasi. Mkono ulipovimba nyumbani ilibidi nirudi kuuliza kama ni kawaida. Ni maji yaliyojikusanya, yakanywea yenyewe.

Majibu ya maabara yalisema ni aina yenye mishipa mingi ya damu, ambayo ndiyo inayojulikana kwa kuuma, na hupenda kuota mikononi. Si saratani. Moyo ukatulia.

Ukienda popote, omba bei kamili, kipimo cha nyama kikiwemo, kabla hujapanda kitandani. Kama ngozi yako huota makovu ya kuvimba, sema mapema. Mimi sasa nashona mpaka jioni na mkono hauniumi. Cha paja nimekiacha. Kikianza kukua au kuuma, nitarudi palepale.