Pijo 504 ya marehemu baba na pampu feki ya Kariakoo

"Hilo kauze skrepa, mzee." Ndivyo alivyonijibu kijana wa duka moja la spea Kariakoo, macho yako kwenye simu. Nimesimama mbele yake na pampu ya maji ya kupoza injini aliyoniuzia mwenyewe siku chache nyuma, naye anaiita Peugeot 504 ya marehemu baba skrepa!

Pampu yenyewe iliishia Mikese. Tulikuwa tunawahi mazishi Morogoro, steshen wagon yetu imejaa safu zote tatu, mshale wa joto la injini ukapanda ghafla. Kufungua boneti, maji yanachuruzika kwenye kile kitundu cha chini ya pampu. Nikazima injini, nikashika feni na kuitikisa: inacheza kama jino bovu. Beringi imekwisha. Pampu mpya, haijamaliza hata wiki! Mama mdogo akakaa juani kando ya lami, khanga kichwani, saa ya kuzika inapita. Tulifika kaburi limeshafukiwa. Hilo sitalisahau.

Risiti ninayo, lakini eti bidhaa ikishauzwa hairudi, eti fundi wangu kafunga vibaya. Fundi huyu ameanza kuzifungua 504 kijana huyo hajazaliwa.

Skrepa? Hawa Peugeot walikuwa wakitengeneza misumeno na vinu vya kusagia kahawa kabla hawajagusa gari. Yule simba wao aliwekwa kwanza kusifia meno ya msumeno. Na 404, iliyoitangulia hii yangu, ndiyo aliyoendesha Bert Shankland wa hapa hapa Dar akashinda mbio za magari za Safari mwaka 1966, akarudia 1967. 504 nayo ikaichukua 1975 na 1978. Kwenye matope yale, si kwenye lami! Baba alitusimulia hayo huku akiipangusa gari kila Jumapili asubuhi.

Nilivyoanza kuandika nilikuwa nimeamua kuwaambieni: gari la Kifaransa msinunue, spea zitawatoa roho. Na bado nasema, kama huna fundi anayelijua, achana nalo, chukua Mjapani ulale usingizi.

Ila gari lenyewe limenikosea nini? Hedi ya injini haikupinda kwa joto lile. Fundi wa Morogoro alikwenda kwenye 504 iliyolala juu ya mawe nyuma ya gereji, akaifungua pampu yake kuukuu, akaisugua kutu kwa msasa, akakata gasketi kwa mkono kwenye karatasi ngumu. Tukarudi Dar usiku ule ule, mshale haukutikisika, na wale watoto wa nyuma walilala hadi Kimara. Pampu hiyo hiyo ya kuokota ndiyo ninayotembelea mpaka leo.

Basi nafuta niliyosema. Siuzi, na anayeipata 504 nzima ainunue. Ila spea akague kwanza: ashike shafti ya pampu aitikise pale pale dukani, ikicheza hata kidogo aiache.

Na wewe kijana, wiki hii nakuja na risiti yangu. Pesa yangu naitaka.