Schomburg ya Harlem: maktaba ya kwenda ukiwa umejiandaa

Kama unataka kuishika historia ya Watu Weusi kwa mkono wako mwenyewe, yaani barua, picha na vijitabu vyenyewe, sijaona huduma ya bure inayoipita Schomburg Center. Ila ukiiingia kama makumbusho, nusu saa inatosha na utatoka ukijiuliza sifa zote zile ni za nini. Maonyesho yake ni ya kiasi tu. Mali imo ndani, na haitoki bila kuombwa.

Ipo 515 Malcolm X Boulevard, eneo la Harlem jijini New York, kwenye kona ya mtaa wa 135. Treni za chini ya ardhi namba 2 na 3 zinakushusha kituo cha 135th Street. Ukipanda ngazi umeshafika. Ni tawi la utafiti la Maktaba ya Umma ya New York, na msingi wake ni mkusanyo wa Arturo Schomburg, mzaliwa wa Puerto Rico, ulionunuliwa mwaka 1926 kwa dola 10,000 za mfuko wa hisani wa Carnegie Corporation. Wakati huo ulikuwa na vitabu zaidi ya 5,000. Leo hazina yote imepita vitu milioni 11, na ndiyo maana huwezi kupita kwenye rafu ukachomoa unachotaka. Vitabu husomwa humohumo, havikopeshwi. Cha kwenda nacho nyumbani kaazime Countee Cullen, tawi la kawaida lililo nyuma yake, 104 West 136th Street.

Idara ya miswada na vitabu adimu ndiyo inayowaangusha wengi. Anzia nyumbani: ingia archives.nypl.org, tafuta jina la mkusanyo, fungua mwongozo wake, kisha andika namba za maboksi na folda unazozitaka. Fungua akaunti, omba miadi, subiri uthibitisho ndipo upange safari. Kuomba "nyaraka za James Baldwin", yule mwandishi wa riwaya na insha, bila namba ni sawa na kutoomba kitu. Na usiruke kile kifungu cha masharti mwanzoni mwa mwongozo. Nyaraka za Baldwin zilipopatikana mwaka 2017, baadhi ya barua zake za faragha zilifungwa kwa miaka 20. Za Malcolm X, mwanaharakati wa haki za Watu Weusi, husomwa kwa mikrofilamu, yaani picha ndogo za karatasi zinazokuzwa kwa mashine, si karatasi zenyewe. Humo mna daftari za safari yake ya Afrika ya 1964, ile iliyomfikisha Dar es Salaam na Nairobi, kwa hiyo msomaji wa kwetu ana sababu ya kuvumilia ile mashine.

Chumbani ni penseli tu. Kalamu ya wino na begi vinabaki nje. Fungua folda moja kwa wakati, karatasi zibaki kwa mpangilio ulioukuta. Ukiruhusiwa kupiga picha, zima flashi, na picha ya kwanza iwe ya lebo ya folda. Asiyefanya hivyo hujikuta usiku ana picha themanini za barua asizojua zimetoka boksi gani, na haziwezi kunukuliwa popote.

Matukio ya Februari, mwezi wa historia ya Watu Weusi Marekani, ni ya moto, na ni bure, lakini kujiandikisha si kupata kiti. Huandikisha watu wengi kuliko viti kwa sababu wapo wasiotokea, na dakika chache kabla ya kuanza nafasi zilizobaki hupewa walio kwenye foleni. Fika nusu saa mapema. Mimi kwa wapenda vitabu napendekeza zaidi tamasha la fasihi la Juni, lililoanza 2019. Kwa watoto, lile la vitabu vya katuni lililoanza 2013.

Kabla ya kutoka, tazama sakafu ya ukumbi: mchoro mkubwa wa duara, na chini yake yamezikwa majivu ya mshairi Langston Hughes, aliyehudhuria mkutano wa waandishi wa Makerere mwaka 1962. Ulizia pia michoro minne ya ukutani ya mchoraji Aaron Douglas ya 1934. Mmoja una mtu aliyesimama juu ya gurudumu kubwa la meno, kainua saksafoni angani, majengo marefu yameinama pande zote. Watu wake wote ni vivuli visivyo na sura, lakini unajua nani amechoka na nani anafurahi.

Aliyeko Mombasa au Kigoma atumie digitalcollections.nypl.org. Tafuta "Green Book", kitabu cha Victor Hugo Green, mpeleka barua wa posta aliyeishi Harlem, kilichowaonyesha wasafiri Weusi hoteli, gereji na saluni zilizowapokea wakati wa ubaguzi. Matoleo mengi yamepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Chuja kwa vitu visivyofungwa na hakimiliki (public domain), kisha chagua ukubwa wa juu unapopakua. Ule mdogo herufi zake hazisomeki ukichapisha.