Satyagraha ya mtu mmoja mmoja (1940) na "Ondokeni India" (1942)

Zote mbili ni kampeni za Gandhi dhidi ya utawala wa Waingereza India, zote za satyagraha (upinzani usiotumia nguvu), zote za wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, lakini zilivyoendeshwa ni mbingu na ardhi.

Ile ya 1940 ilikuwa na utaratibu mkali. Gandhi aliidhinisha majina mwenyewe. Wa kwanza, 17 Oktoba, alikuwa Vinoba Bhave kijijini Paunar. Mteule alimwarifu hakimu wa wilaya mapema mahali na saa, kisha akatamka hadharani kwamba ni kosa kuisaidia vita ya Uingereza kwa watu au fedha. Asipokamatwa, alitembea kuelekea Delhi akirudia maneno yale kila kijiji. Zaidi ya 20,000 walifungwa, fujo hazikutokea. Kasoro yake: serikali haikutikisika.

Ya 1942 ilipitishwa Bombay 8 Agosti. Kabla ya mapambazuko viongozi wakawa mbaroni. Hapo ndipo ilipoharibika. Watu walibaki bila maelekezo, nyaya za simu zikakatwa, reli zikang'olewa, vituo vya polisi vikachomwa. Mwanaharakati Usha Mehta na wenzake waliendesha redio ya siri hadi Novemba. Kwa shinikizo, hii ilizidi. Kwa nidhamu ya kutotumia nguvu, ile ya kwanza haina mpinzani.