Siku 4 Hivernage, Marrakech: uzoefu wangu

Wengi wakienda Marrakech, Morocco, wanataka kulala ndani ya mji mkongwe (medina) kwenye riad, zile nyumba za zamani zenye ua katikati, na mimi nilitaka hivo hivo ila mdogo wangu niliyesafiri nae goti linamsumbua na vichochoro vingi vya medina gari haziingii, mabegi yanaenda kwa mkokoteni, kwahiyo tukachukua hoteli Hivernage. Nashukuru tulifanya hivo.

Hivernage ni mtaa wa hoteli kubwa kubwa, uko nje tu ya ukuta wa mji mkongwe upande wa magharibi. Walioupanga ni Wafaransa enzi za utawala wao, kwa ajili ya watu wanaokimbia baridi ya kwao, na hata jina kwa Kifaransa ndo hilo, kwenda kukaa mahali kipindi cha baridi. Barabara pana, bustani kila kona, na majengo yote rangi ya udongo mwekundu, hata ya juzi juzi, maana mji mzima ni lazima ufuate rangi hiyo.

Kitu ambacho hakuna picha ya hoteli iliyonionyesha ni midanzi. Pembeni ya barabara kumepandwa midanzi, ile michungwa ya uchungu ambayo sisi watu wa Tanga tunaijua kwenye achari, na tulienda mwisho wa Machi ikiwa imetoa maua, yaani ukifungua tu dirisha asubuhi harufu inaingia chumbani, tamu kama asmini ila nyepesi zaidi. Mdogo wangu kila asubuhi alikuwa anashuka kabla ya chai kukaa tu kwenye benchi chini ya mti.

Sasa hoteli yenyewe. Jina silitaji. Nyota 5, mapokezi mazuri, bafu la tadelakt, yaani chokaa ya kwao inayosuguliwa kwa jiwe na sabuni nyeusi mpaka inang'aa na haipitishi maji, ukigusa ukuta ni laini kama kauri. Hapo nawapa alama zote. Lakini waliandika bwawa lina maji ya moto, tukafika yako baridi kama barafu, kuuliza tunaambiwa lenye joto ni lile la ndani la spa na linalipiwa. Halafu kuna kodi ya mji, kila mtu kwa kila usiku, ambayo kwenye bei niliyolipia haikuwemo. Na usiku wa kwanza chumba chetu kilitazama barabarani, ilikuwa Ijumaa, Hivernage ina kumbi za usiku na kasino, besi iligonga mpaka saa 9 usiku na mdogo wangu hakulala kabisa. Kesho yake nikaomba upande wa bustani wakatuhamisha bila maneno, na kuanzia hapo tulisikia ndege tu. Kwahiyo ukibook omba upande wa bustani mapema, usisubiri yakukute.

Kilichonifanya niupende mtaa ni kutembea. Kwa mwendo wetu wa goti bovu ilikuwa dakika 15 hivi mpaka Bab Jdid, maana yake mlango mpya, jadidi ile ile ya kwetu. Ukuta ni udongo ulioshindiliwa, wa karne ya 12, una matundu matundu ya mraba na njiwa wamejaa humo. Ukipita mlango, La Mamounia hiyo hapo, hoteli ya mwaka 1923 ambayo bustani yake ni ya karne ya 18, sultani alimpa mwanae Mamoun alipooa. Churchill, yule waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, alikuwa anakuja hapo kuchora. Kulala hapo sikuwa na ubavu, tuliulizia mlangoni tukaruhusiwa chai, tukakaa na mizeituni mikubwa ya zamani mbele yetu, bei ya birika moja kwingine ungekula mchana mzima, ila kwa ile bustani nililipa kwa moyo safi.

Mbele kidogo ni msikiti wa Kutubia, mnara wake mita 77, na jina ni la wauza vitabu waliokuwa na soko hapo, kitabu yetu na kutubia yao ni mzizi mmoja. Wasio Waislamu hawaingii ndani, sisi tuliingia tukaswali magharibi. Wengi wanaswali mikono wameiachia pembeni, ni wa madhehebu ya Maliki wale, mimi nikafunga yangu kama kawaida na hakuna aliyenitazama vibaya. Baada ya swala watu hawakutoka, wakaanza kusoma Qur'ani wote kwa pamoja kwa sauti moja, haraka haraka, kwa lahani ambayo sijawahi kuisikia Tanga wala Unguja, nikabaki nimekaa nasikiliza mpaka mdogo wangu akanipigia simu kutoka upande wa wanawake, kaka uko wapi.

Kurudi usiku tulichukua teksi, zile ndogo za rangi ya mchanga, mwisho abiria 3. Zinazosimama mlangoni kwa hoteli wanakutajia bei ya kichwani na mita wanasema mbovu, sisi tulisogea mpaka barabara kubwa tukasimamisha inayopita na ikawasha mita, usiku inapanda kwa nusu lakini bado ni nafuu mno. Dirhamu, pesa ya kule, badilisha ukifika.

Asubuhi ya mwisho tulikunywa kahawa kwenye mgahawa mdogo nje ya mtaa, nusu kahawa nusu maziwa, wao wanaiita nus nus, tukaagiza kwa Kiswahili chetu, "nusu nusu mbili", na mhudumu akaleta bila kuuliza. Desemba tunarudi na mama, nimeshaandikia hoteli ile ile, upande wa bustani, na safari hii bei ya spa na kodi wameziweka kwenye maandishi.