Kununua Pikapu Dar es Salaam: Mafuta ya Kwenye Karatasi na Mafuta ya Barabarani

Mtu anayetafuta pikapu jijini Dar es Salaam huuliza mambo mawili kabla hajafika kwenye bei: inabeba kiasi gani, na inakunywa mafuta kiasi gani. La kwanza hujibiwa na chasisi na springi, na mnunuzi anaweza kuliona kwa macho. La pili hujibiwa kwa namba iliyochapwa kwenye karatasi ya kiwanda, na hapo ndipo wengi wanapoumia, kwa sababu gari lililoandikiwa lita 8 kwa kilomita 100 likishaingia Barabara ya Mandela huweza kudai lita 11 au 12. Mwongozo huu unazipanga pikapu zinazopatikana kwa wingi katika yadi zetu kwa kuangalia mafuta ambayo mnunuzi atayalipia hapa.

Kwanza ieleweke namba ya kiwanda inatoka wapi. Haipimwi barabarani. Gari hupandishwa juu ya roli zinazozunguka ndani ya maabara, dereva hufuata mchoro wa mwendo sekunde kwa sekunde, kisha moshi uliotoka hukusanywa na kukokotolewa kuwa lita. Kipimo cha Ulaya cha NEDC, kilichoanza kuondolewa mwaka 2017, kilidumu dakika 20 hivi kwa umbali wa kilomita 11 na mwendo wa wastani wa kilomita 34 kwa saa, huku kiyoyozi kimezimwa na gari likiwa karibu tupu. Kilichokipokea, WLTP, kina dakika 30 na umbali wa kilomita 23, na kwa magari ya mizigo kinataka gari liongezewe uzito wa asilimia 28 ya uwezo wake wa kubeba. Kiyoyozi bado huzimwa. Japani nayo ilikuwa na kipimo cha 10-15, ambacho mwendo wake haukuvuka kilomita 70 kwa saa, kikafuatiwa na JC08, kisha kile cha kimataifa kinachotumika sasa.

Pengo kati ya maabara na barabara linajulikana. Taasisi ya utafiti ya ICCT ilikuta kwamba magari madogo ya Ulaya yalikuwa yakitumia mafuta zaidi ya yaliyoandikwa kwa takriban asilimia 8 mwaka 2001, na kufikia mwaka 2017 ziada hiyo ilikuwa imekaribia asilimia 40. Tume ya Ulaya ilipotoa mwaka 2024 takwimu zilizokusanywa na vifaa vilivyomo ndani ya magari yenyewe, ziada chini ya WLTP ilionekana kuwa karibu asilimia 20. Sehemu kubwa ya pengo hilo si udanganyifu, kwa sababu kiwanda kinafuata sheria za kipimo na kipimo hakifanani na maisha, ingawa udanganyifu nao umewahi kutokea: Mitsubishi Motors ilikiri mwaka 2016 kwamba ilichezea takwimu za mafuta za magari yake madogo yanayouzwa Japani.

Sasa tuilete namba hiyo Dar es Salaam. Kwa pikapu ya kubeba tani moja, ile asilimia 28 ya WLTP ni kilo 280, yaani mifuko mitano na nusu ya saruji. Pikapu inayotoka Tegeta kupeleka saruji Chanika hubeba ishirini, pamoja na utingo na vifaa vyake. Ukisimama Buguruni saa kumi na moja jioni utaiona: turubai limekazwa kwa kamba, springi zimelala, maji ya kiyoyozi yanadondoka kwenye lami, na injini inanguruma bila gari kusogea. Injini ya dizeli ya pikapu kama hiyo, ikiwaka huku gari limesimama, hula takriban nusu lita hadi lita moja kwa saa, na kiyoyozi huongeza. Anayekaa kwenye foleni kwa muda wa saa moja kila asubuhi na saa moja kila jioni, siku sita kwa wiki, anachoma lita 6 hadi 12 ambazo hazikumsogeza hata mita moja, na hakuna karatasi ya kiwanda inayozihesabu kwa uzito huo. Kinyume chake, gari hilohilo likienda Chalinze kwa mwendo tulivu wa kilomita 80 kwa saa bila mzigo mzito huweza kuikaribia namba ya karatasi. Likipandishwa hadi 120, upepo unaanza kulipinga kwa nguvu inayokua haraka kuliko mwendo wenyewe, na umbo la pikapu, lenye bodi wazi nyuma na pengine keria juu, halisaidii.

Kuna mtego mwingine katika vipimo vyenyewe. Pikapu zinazoletwa kutoka Uingereza hutangazwa kwa maili kwa galoni, na galoni ya Uingereza ni lita 4.55 wakati ya Marekani ni lita 3.79. Maili 30 kwa galoni ya Uingereza ni kilomita 10.6 kwa lita; maili hizohizo kwa galoni ya Marekani ni kilomita 12.8. Dalali anayesoma tangazo la nchi moja kwa galoni ya nchi nyingine anakupa gari ambalo halipo. Matairi nayo hupotosha. Aliyetoa 265/65R17 na kufunga 265/70R17 ili gari linyanyuke ameongeza kipenyo kwa zaidi ya asilimia 3, hivyo kilomita 100 za kwenye dashibodi ni 103 na kitu za barabarani, na hesabu yake itaonyesha gari linakula kuliko lilivyo kweli, juu ya kwamba tairi zito lenye meno makubwa linakula zaidi kwa haki yake lenyewe.

Kwa upande wa fedha, bei kikomo za mafuta hutangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, lakini ili hesabu iwe nyepesi tuseme lita ni shilingi 3,000. Pikapu ya kazi inayotembea kilomita 25,000 kwa mwaka itahitaji lita 2,000 ikiwa inatumia 8 kwa kilomita 100, na lita 2,875 ikiwa inatumia 11.5. Tofauti ni shilingi 2,625,000 kila mwaka, na mnunuzi aliyeamini karatasi hakuziweka kwenye bajeti.

Mpangilio wangu ni huu, na makadirio ya hapa nchini ni ya kupangia bajeti kwa dabo kebini yenye mzigo wa wastani.

Nafasi ya kwanza naipa Toyota Hilux ya dizeli ya 2.4. Ilipoingizwa tena sokoni Japani mwaka 2017, ikiwa dabo kebini ya otomatiki inayovuta magurudumu yote, iliandikiwa kilomita 11.8 kwa lita chini ya JC08, sawa na lita 8.5 kwa kilomita 100. Naiamini namba hiyo kuliko nyingi kwa sababu JC08 ni kipimo cha polepole ambamo gari husimama karibu theluthi moja ya muda, kwa hiyo tayari kimekaribia foleni yetu, na kinachobaki kuongezwa ni mzigo, joto na kiyoyozi. Pangia lita 10 hadi 11 mjini. Ile ya 2.8 ina nguvu zaidi na kwenye karatasi za Australia iko karibu na lita 8, lakini kwa kazi za ndani ya jiji nguvu hiyo ya ziada mara nyingi huishia kwenye mguu wa dereva. Kasoro ya Hilux ni bei yake, ambayo haishuki hata gari likichakaa, na anayetembea kilomita chache kwa mwaka huenda asiirudishe tofauti hiyo kupitia mafuta.

Isuzu D-Max ya 3.0 ni ya pili, na kwa anayebeba tani kamili kila siku ningeipandisha iwe ya kwanza. Toleo jipya la otomatiki limeandikiwa Australia karibu lita 8. Injini yake ni kubwa na haihitaji kukamuliwa, hivyo tofauti kati ya gari tupu na gari lililojaa si ya kushtua kama ilivyo kwa injini ndogo zenye turbo mbili. Pangia lita 11, na usitarajie itashuka sana hata ukiendesha tupu.

Ya tatu ni Mitsubishi L200 ya 2.4, inayoitwa Triton katika masoko mengine. Karatasi za Uingereza za kipimo cha zamani zinaisifu kwa zaidi ya maili 40 kwa galoni, yaani chini ya lita 7.1 kwa kilomita 100, ilhali Australia otomatiki ya matoleo ya baadaye yenye injini ya ukubwa huohuo iliandikiwa lita 8.6. Ichukue ya Australia. Zilizotoka Uingereza zina jambo moja linalohusu mafuta moja kwa moja: tangu viwango vya Euro 5, pikapu za dizeli za Ulaya huwa na chujio la masizi kwenye ekzosi, na chujio hilo hujisafisha kwa kuchoma mafuta ya ziada gari likipata mwendo mrefu wenye joto la kutosha. Gari linaloishi kati ya Kariakoo na Sinza halipati mwendo huo. Linaanza kujisafisha, linazimwa, linaanza tena kesho yake, na kila jaribio lina gharama yake. Anayenunua L200, Ranger au Navara ya Uingereza apange kulipeleka gari hadi Kibaha na kurudi mara kwa mara bila kulizima njiani.

Ford Ranger ya 2.0 yenye turbo mbili ni kati ya zilizo bora kwenye karatasi, ikiwa na lita 7.2 Australia, na bado naiweka ya nne. Injini ndogo yenye turbo mbili hung'ara kwenye kipimo cha gari jepesi na mguu mwepesi. Ukiipa saruji na mlima inadai mafuta kama injini kubwa. Kwa ofisi ambayo watu wake husafiri sana kwenda Morogoro na Dodoma bila mzigo, ingekuwa ya kwanza au ya pili. Ile ya zamani ya 3.2 yenye silinda tano ni imara, lakini hata karatasi yake ilikuwa karibu lita 9, na hapa mjini pangia 13.

Nissan Navara ya 2.3 haina mengi ya kuongeza: inafuata tabia ya Ranger, na dabo kebini zake nyingi zina koili nyuma badala ya springi, kwa hiyo si ya mizigo mizito.

Hilux ya petroli ya 2.7 ni ya sita. Karatasi yake ni karibu lita 11, na mjini pangia 14 au 15. Ina heshima yake kwa fundi wa mtaani, kwa sababu haina nozeli za dizeli za bei ghali, na anayetembea kilomita chache anaweza kuichagua bila hasara. Ya mwisho ni Land Cruiser 79 ya V8 ya dizeli, lita 10.7 kwenye karatasi, gari la migodini na mbugani lenye tangi la lita 130 ambalo halina sababu ya kushinda kwenye foleni ya Ubungo.

Ukinunua kwa mtu binafsi, omba kuipima kabla ya kulipa. Jaza mpaka bomba lijikate lenyewe, andika kilomita, tembea angalau 200 katika njia zako za kawaida, kisha rudi sheli ileile, pampu ileile. Lita ulizojaza gawanya kwa kilomita, zidisha kwa 100. Namba ya wastani iliyo kwenye dashibodi isitumike, kwa kuwa mara nyingi inalipendelea gari. Yadi nyingi hazitakuruhusu umbali huo, na mzunguko mfupi wa kilomita kumi haupimi kitu, kwa hiyo hapo mtegemee fundi: akague nozeli kama zinarudisha mafuta kupita kiasi, aangalie moshi mweusi gari likikanyagwa, ahakikishe injini inafikia joto lake la kazi na kubaki hapo. Mkitoka kulijaribu, sogeza kiganja karibu na rimu za magurudumu yote manne. Moja likiwa na joto kali kuliko mengine, huenda breki yake inashika muda wote, na hilo lirekebishwe na muuzaji kabla hujasaini.